Siku Hamsini na Mbili za Barafu

Mimi ni daktari wa ng'ombe, na naomba ifahamike tangu mwanzo kwamba sikwenda kwenye mafunzo yale kwa hiari yangu. Nina miaka hamsini na mitatu. Nimeingiza mkono ndani ya ng'ombe wengi kuliko idadi ya watu wa mtaa wangu, na sikuona sababu ya kukaa darasani siku tano mbele ya kompyuta, nikifundishwa na mwanamke niliyemzidi miaka kumi. Lakini shirika ninalolifanyia kazi ya chanjo huko Masisi lilisema kila mwenye takwimu azichambue mwenyewe, wao wamechoka kuzituma nje. Nikaenda nimenuna.

Ukumbi ulikuwa Himbi, mtaa mmoja wa Goma, ndani ya taasisi moja ya utafiti wa maji. Sitaitaja jina. Mlangoni alisimama mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, anagawa vipande vya kitenge na kuandika majina.

"Jina?" akaniuliza.

"Docteur Ntirenganya."

"Docteur abakie inje. Ntirenganya aingie."

Huyo ndiye Waridi Yuma. Karibu nigeuze nirudi nyumbani, na mpaka leo najishangaa kwamba sikugeuka. Pengine ni kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

Vipande vya kitenge vilikuwa viwili kwa kila mtu, kimoja cha kijani na kimoja chekundu. Ukiwa unaenda vizuri unaweka cha kijani juu ya kompyuta yako. Ukikwama unaweka chekundu, na mtu anakuja kukusaidia. Jambo rahisi, mtoto angelielewa. Lakini mle ndani hamkuwa na watoto. Tulikuwa kumi na saba, kila mmoja na diploma yake, na katika nchi hii mtu mwenye diploma hatundiki kitambaa chekundu mbele ya watu wa chini yake kutangaza kwamba hajui. Mimi nilikwama dakika ya pili. Kijani changu kilikaa pale pale, kimetulia, kinadanganya.

Waridi akapita nyuma yetu. Akaona kioo changu. Akarudi mbele, akaandika mstari wa programu ukaonekana ukutani kwa wote, mashine ikaukataa. Akachukua kitambaa chekundu akakiweka juu ya kompyuta yake mwenyewe.

"Mimi nimekwama," akasema. "Nani atanisaidia?"

Muuguzi mmoja kijana aliyetoka Kalengera, anaitwa Igihozo, akasema kwa sauti ndogo kwamba mabano hayajafungwa. Waridi akayafunga, mashine ikakubali, akasema asante. Dakika tano hazikupita, ukumbi mzima ulikuwa mwekundu. Baadaye nilikuja kujua kwamba anafanya kosa lile lile kila mafunzo, saa ile ile, na kwamba huwa anajua kabisa mabano yako wapi. Lakini ilinifaa, na wenye kusema ni ujanja waende wakafundishe wao.

Sheria yake ya pili ilikuwa kali zaidi: kila mtu anaandika kwa mikono yake. Alikuwepo mkuu mmoja wa huduma ya kilimo aliyekuja na sekretari wake ili amwandikie. Waridi hakubishana naye. Alimpa yule sekretari kompyuta yake peke yake, akamketisha meza ya mbele. Kufikia siku ya tatu sekretari alikuwa anamaliza mazoezi kabla ya bosi wake kupata miwani.

Huyu Waridi amezaliwa Birere, si mbali na mpaka. Baba yake, mzee Yuma, alikuwa dereva wa lori kutoka Kasongo, Maniema. Alifika Goma na mzigo wa mchele akakuta mwanamke, lori likarudi na dereva mwingine. Nyumba ya waswalihina, watoto saba, na Waridi ndiye aliyependa kuhesabu vitu ambavyo hakuna aliyemtuma avihesabu. Akasoma mambo ya maabara. Akaajiriwa na taasisi hiyo hiyo ya maji, na kwa miaka kumi na moja kazi yake ikawa kuhesabu vijidudu kwenye visahani vya kioo, miaka ya mwisho akiwa mkuu wa maabara. Maji yanachotwa ziwani, yanaletwa, yanamwagwa kwenye kisahani, kesho yake unahesabu madoa na kuandika kwenye fomu, ambayo huku sote tunaiita fishi. Fishi zinaingizwa kwenye kompyuta, faili linatumwa Ulaya. Baada ya mwaka linarudi limekuwa michoro ya rangi yenye majina ya watu chini. Jina lake halikuwahi kuwepo. Siku alipouliza michoro inatengenezwaje, akaambiwa hilo haliko kwenye kiwango chake.

Niveau, walimwambia. Neno hilo lilimkaa kooni. Akaanza kukusanya masomo ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, anayapakua usiku mtandao unapokuwa na nafuu, anayaweka kwenye flashi, anajifunza saa ya chakula kwenye kompyuta kuukuu ya maabara wakati wengine wanakula. Miaka miwili. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa maji ya Lac Vert, ziwa dogo la jirani, mstari mmoja tu, mbaya, bila rangi. Aliubandika juu ya meza yake ya kazi. Akaamriwa auondoe. Akauondoa, akaenda kuutundika sebuleni kwake, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi, na bado upo.

"Sisi njo tunatokaka jasho ya kutafuta chiffres, hizi namba," aliniambia siku moja, "kisha tunazipeleka kwa bengine bazifulie kama nguo chafu. Hatuna mikono?"

Akaanza kufundisha. Kwanza wenzake watatu wa maabara, kisha wataalamu wa kahawa, wauguzi, watu wa mitetemeko ya ardhi, watu wa samaki. Taasisi ilipoona jina lake linavuma ikampa ukumbi na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mafunzo yakawa ndiyo kazi yake. Ile Januari ya vita, 2025, umeme ukakatika, maji yakakatika, benki zikafungwa, mtandao ukawa wa kubahatisha. Watu wakamshauri asubiri hali itulie.

"Itulie lini?" alikuwa akiwauliza. "Munipatie tarehe."

Hakuna aliyempa tarehe. Mwezi Machi akafungua mafunzo, kila kitu kwenye flashi, umeme wa betri ya kuazima. Yangu mimi yalikuwa ya mwezi Juni, ya kumi na nne kwa hesabu yake.

Siku ya tatu alitupa takwimu za kweli, za Kituku. Asiyeijua Kituku aelewe hivi: ni ufukoni, mitumbwi inashusha samaki, na pembeni hapo nusu ya mitaa ya jirani inachota maji ya ziwa kwa bidoni, madumu ya njano. Kwenye njia ya kutokea anakaa mama mmoja, Nyirakamana, na ndoo ya klorini na bomba la sindano. Kila bidoni inayopita anaitia dawa. Bure. Bila yeye, unabeba kichwani kila kilichomo ziwani, pamoja na kipindupindu.

Wiki moja kabla ya mafunzo, taasisi ilikuwa imetoa ripoti. Ilisema kwamba kuanzia katikati ya Januari hadi katikati ya Aprili, siku tisini, maji ya Kituku yalikuwa na wastani wa vijidudu tisa kwa kila kipimo. Chini ya kumi ni hatari ndogo. Dawa ni haba, kwa hiyo kituo cha Nyirakamana kingefungwa tarehe mosi Julai, dawa ipelekwe kwingine. Waridi hakuipenda habari hiyo, ana dada yake anayechota pale. Lakini aliheshimu hesabu. Alituletea faili lile kwa sababu tu lilikuwa jipya na la kwetu.

Zoezi lilikuwa dogo: chora vijidudu kwa siku, kisha tafuta wastani. Sheria yake nyingine hiyo, kuchora kwanza, kukokotoa baadaye. Mimi nikachora. Mchoro ukatoka wa ajabu. Mstari unatembea juu, umetulia kwenye ishirini na nne, unaporomoka hadi sifuri, unabaki huko siku kadhaa, unarudi juu, unaporomoka tena. Nikaweka chekundu. Siku ya tatu nilikuwa sina aibu tena.

Waridi akainama. "Umechora nini?"

"Vijidudu."

"Hapana. Umekamata colonne ingine, safu ya pembeni. Hii ni joto ya maji."

Igihozo akachungulia, akaanza kucheka. "Papa Ntirenganya, Ziwa Kivu limeganda. Ni barafu."

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nao. Siku hamsini na mbili maji ya Kituku yalikuwa na nyuzi sifuri, na wavuvi bado walikuwa wanapiga kasia. Nikageuka nimwone Waridi anavyocheka. Alikuwa hacheki. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti changu, macho kwenye zile sifuri.

"Hawakuenda," akasema. "Zile siku hawakuenda kuchota."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku za mabomu, na siku za mvua kubwa, na siku za barabara kufungwa, mchotaji wa taasisi hakufika ziwani. Hakupima joto, hakuleta maji maabara. Lakini fishi ilijazwa. Joto, sifuri. Vijidudu, sifuri. Na kompyuta, ambayo haina akili ya kuuliza, ilihesabu siku hamsini na mbili za maji safi kuliko ya mbinguni, ikazichanganya na siku nyingine, ikapata tisa. Waridi akatuambia tuondoe kila siku ya barafu na tukokotoe upya. Zilibaki siku thelathini na nane. Wastani wake ulikuwa ishirini na moja.

Akanigusa bega. "Beba ordinateur yako. Tunaenda kwa mukubwa." Nikabeba kompyuta yangu, nikamfuata.

Mkurugenzi wa taasisi alikuwa Profesa Rémy, mtu wa mashati yaliyonyooka na sauti ya taratibu. Si mtu mbaya, nasema hivyo kwa kujilazimisha. Aliutazama mchoro wangu, na lazima nimpe haki yake, alielewa haraka kuliko mimi. Halafu akafungua droo, akapekua, akatoa karatasi moja akaiweka mezani, imeelekezwa kwa Waridi.

Lilikuwa agizo la mwaka 2021 kwa wachotaji wote. Mstari mmoja ulipigiwa kalamu chini: fishi yoyote yenye nafasi tupu itarudishwa na haitapokelewa. Chini yake, sahihi: W. Yuma, mkuu wa maabara.

"Ile zéro ni ya nani, Mama Waridi?" akauliza.

Waridi aliitazama sahihi yake.

"Mimi sitaki kukuharibia," Profesa akaendelea. "Tutasahihisha mu rapport ya décembre. Pole pole, bila kelele. Ukipiga kelele sasa, salle yako ya mafunzo inafungwa, contrat yako ya kazi inaisha, na hii karatasi batu wote wataiona. Utafundisha nani tena, wakijua?"

"Mpaka décembre batu ba Kituku watakunywa nini, Prof?"

"Watachemsha."

"Na makala gani?"

Profesa akatazama dirisha. Kila mtu mjini alijua makala, yaani makaa, yamefika bei gani. Waridi akaomba nakala ya lile agizo. Alipewa mara moja, nadhani Profesa alifikiri ameogopa na anataka kwenda kuichoma.

Tulipotoka uani alikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe ya lava, karatasi magotini. Nilijaribu kumfariji, nikasema agizo kama hilo wote tumewahi kulitoa, hata mimi nimewahi kurudisha fomu za chanjo kwa sababu ya pengo moja. Akanikatiza.

"Usinipoze. Bakubwa bangu walikuwa wananigombeza juu ya fishi zenye matobo. Nikataka fishi safi. Nikafundisha batu kudanganya." Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu. "Naona haya, Ntirenganya. Naona haya sana. Lakini haya haiuwe mutu. Kolera inauwa."

Tukaenda Kituku kumtafuta mchotaji. Anaitwa Jean-Bosco, amefanya kazi hiyo miaka tisa, mtu mwaminifu mpaka unamwonea huruma. Tulimkuta anasuuza chupa zake. Waridi akamuuliza juu ya Januari, bila kumkaripia.

"Mama, ile wakati bombe zilikuwa zinaanguka, nilikuwa nimejificha chini ya kitanda na batoto," akasema. "Nilipotoka nikaona nafasi tupu mingi. Nikasema nikipeleka hivi watanirudishia. Nikajaza."

"Kwa nini zéro?"

Akamtazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Sikupata maji. Sasa ningeandika ngapi?"

Waridi akamwambia hana kosa. Akamwambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Jean-Bosco hakuamini.

Kesho yake asubuhi lango la ukumbi lilikuwa na kufuli mpya; Profesa alikuwa ameshasikia tulikokwenda. Tulisimama nje kumi na saba na mabegi yetu, na mlinzi, aliyekuwa akimsalimia Waridi kila siku, aliangalia viatu vyake. Mimi nilitaka kugonga, nilitaka kupiga kelele, nilikuwa na maneno tayari ya Kinyarwanda ambayo hayaandikiki. Waridi alihesabu tu watu wake. Akasema mafunzo yanaendelea Kituku, kwa binamu yake Hemedi anayetengeneza injini za mitumbwi. Anayeogopa mkubwa wake arudi nyumbani, hatamlaumu.

Yule mkuu wa kilimo akakumbuka ana mkutano. Wengine wawili nao wakakumbuka mikutano. Sekretari akapanda pikipiki na sisi.

Kwa Hemedi kulikuwa na sola, harufu ya mafuta, na meza mbili zilizojaa mabomba ya injini. Tukakaa juu ya magunia na makreti ya bia yaliyopinduliwa. Mashine ya kuonyesha ukutani ilikuwa mali ya taasisi, kwa hiyo Waridi aliandika kwa chaki kwenye mlango wa kontena. Lakini kwanza alibandika pale lile agizo la 2021, na juu yake akabandika kitambaa chekundu.

"Hii sahihi ni yangu," akasema. "Kabla hamujafungua ordinateur, mujue mwalimu wenu ni nani. Mimi nilikataza nafasi tupu. Mutu akanisikiliza, akaandika zéro siku hamsini na mbili. Mwenye hataki kufundishwa na mimi tena, niko naelewa."

Hemedi akaweka nyundo chini. Nilitazama wenzangu, na nakiri nilikuwa na hofu kwamba mmoja akisimama wote watasimama. Hakuna aliyesimama. Igihozo akafungua kompyuta yake, akaweka kijani.

Kila mmoja akaifanya hesabu peke yake, kutoka mwanzo, bila kuangalia kwa jirani. Waridi alisisitiza hilo mpaka akaudhi. Watu kumi na wanne, kompyuta kumi na nne, nyingine ni za kusikitisha, na kila moja ikaleta ishirini na moja. Tukaandika barua. Hesabu ni hii, programu ni hii, faili ni hili, asiyeamini afanye mwenyewe. Alitaka jina lake liwe la kwanza, na mbele yake yaandikwe maneno "mwenye kutoa agizo lililoleta kosa." Nikamwambia anajichongea bure. Akaniambia niandike.

Mimi nilitia sahihi ya pili. Mkataba wangu wa chanjo ulikuwa unaisha Agosti, na waliokuwa wakiupitia walikula meza moja na Profesa. Nilijua hivyo kalamu ikiwa mkononi. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu mwenye kitambaa cha kijani.

Barua tukaipeleka kwa shirika linalotoa ile klorini. Anayehusika ni Madame Valérie, mama mwenye haraka na simu mbili. Alichomeka flashi yetu, akaangalia, akaelewa. Kisha akavua miwani.

"Mimi nawaamini," akasema. "Lakini rapport ya tisa iko na kashe ya taasisi. Yenu imetoka ku garage. Bakubwa bangu watanikata kichwa. Muniletee karatasi moja yenye kashe, moja tu."

Kashe ndiyo muhuri. Katika mji huu huzaliwi bila muhuri, huoi bila muhuri, na ukifa bila muhuri wanakushuku unajificha. Maji yanaweza kuua watu wa mtaa mzima, ila lazima yaombe muhuri kwanza. Nilitoka pale nimevimba. Zilibaki siku nne kufikia tarehe mosi Julai, na mtu pekee mwenye muhuri ule alikuwa Profesa Rémy.

Waridi hakwenda kumwomba. Alimpelekea nakala ya barua, bila neno. Halafu akashuka ufukoni, akasimama mbele ya kina mama wenye bidoni, akawasomea yote kwa Kiswahili chao, kuanzia kosa lake. Mmoja akamtukana. Akakubali tusi, akaendelea kusoma. Kufikia jioni sauti yake iliyorekodiwa ilikuwa imezunguka kwenye simu za mji mzima, mpaka mke wangu aliisikia sokoni kabla sijamwambia. Watu walianza kuuliza taasisi inasemaje.

Siku ya tatu baada ya hapo taasisi ikasema. Tangazo lilibandikwa langoni Himbi. Nililiona nikiwa juu ya pikipiki, nikamsimamisha dereva, nikasoma, damu ikanipanda. Nalinakili kama lilivyokuwa: "Taasisi inajulisha umma kwamba yenyewe, kwa uangalifu wake wa kawaida, imegundua kosa katika takwimu za Kituku, ambazo wastani wake halisi ni 21 wala si 9. Kosa hili limesababishwa na uzembe wa Bibi Waridi Yuma, ambaye si mtumishi wetu tena na haruhusiwi kuingia hapa." Sahihi ya mkurugenzi. Sikujizuia. Nililing'oa mbele ya mlinzi, naye safari hii akaangalia mawingu.

Nilifika kwa Hemedi natweta kwa hasira. Nikamwambia Waridi kwamba wamemwandika mzembe ukutani, kwamba kazi imekwisha, kwamba Profesa amejifanya ndiye aliyegundua, na mimi najua daktari mmoja wa ng'ombe aliyegundua kwa kukosea. Alichukua karatasi. Akaisoma polepole, akarudia, kidole kikifuata mstari. Kisha akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri akaita pikipiki. Nikaruka nyuma yake, nikidhani tunaenda kugombana Himbi. Pikipiki ikashika njia ya kwa Madame Valérie.

Madame Valérie alisoma mpaka mwisho. Akamtazama Waridi, na uso wake ukalegea.

"Mama Waridi," akasema, "hii karatasi inakutukana. Unataka niiweke mu dossier, mu faili yetu, na jina yako hivi?"

"Kashe iko?"

"Iko."

"Na vingt-et-un, ile ishirini na moja, iko?"

"Iko."

"Basi weka," Waridi akasema. "Nyirakamana abakie na dawa yake."